Mzigo wa Mwindaji wa Bata na Njia ya Kinamasini

Kila mwaka, majira ya joto yanapokwisha katika nchi za kaskazini na baridi kuanza kuingia, mamilioni ya bata wa mwitu huondoka Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, wakaelekea kusini kutafuta maji yasiyoganda. Wawindaji huwangojea njiani. Saa kumi za usiku, giza lingali nene, magari huonekana yamesimama mwisho wa barabara za mashambani, na watu wakishusha mifuko, bunduki na vyombo vya kila namna. Kutoka hapo hadi penye maji huenda ukawa mwendo wa nusu saa, huenda ukawa mwendo wa saa mbili, na njia yenyewe ni matope, majani marefu na maji ya magotini.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ya kuwa taabu ya mwindaji ni kulenga shabaha. Kulenga ni jambo la dakika chache tu. Taabu ya kwanza, na ndiyo ya mwisho pia, ni mzigo: namna ya kuufikisha mahali pa kuwindia kabla ya mapambazuko, na namna ya kurudi nao salama. Wako waliorudi mikono mitupu kwa sababu walifika wakiwa wamechoka na jua limekwisha panda. Wako pia wasiorudi kabisa, kwa sababu ya kitu walichokiacha nyumbani ili wapunguze uzito. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu, kwani linawahusu hata watu ambao hawatawinda bata maishani mwao. Kila atembeaye na mzigo, apitaye topeni au avukaye mto, anaweza kujifunza hapa.

KWA NINI WATU HUENDA KWA MIGUU

Mtu mwenye fedha nyingi aweza kukodi shamba lenye bwawa, akajenga kibanda cha kujifichia na kufika pale kwa gari. Mtu wa kawaida huwinda katika ardhi ya umma. Ardhi hiyo si haba, nayo ina historia yake. Katika mwaka 1934 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kumtaka kila mwindaji wa bata anunue stempu maalumu kila mwaka. Picha ya stempu ya kwanza ilichorwa na J. N. Darling, mchoraji mashuhuri wa katuni za magazeti, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya serikali iliyoshughulikia ndege na wanyama wa mwitu. Stempu hiyo iliuzwa kwa dola 1. Siku hizi bei yake ni dola 25, na kila mwindaji wa bata aliyetimiza miaka 16 hana budi kuwa nayo, pamoja na leseni ya jimbo lake. Senti 98 katika kila dola hutumiwa kununua au kukodi vinamasi na nyika ili viwe hifadhi za ndege. Hivyo ndivyo mamilioni ya ekari yalivyopatikana.

Katika nyingi za hifadhi hizo sehemu fulani hufunguliwa kwa wawindaji, lakini magari husimama langoni. Zaidi ya hapo, bata mwenyewe ni ndege mwerevu. Bwawa lililo karibu na barabara hupigwa risasi siku ya kwanza ya msimu, na siku ya pili bata hulikimbia, wakahamia mahali pasipofikika kwa urahisi. Kadiri mtu anavyozidi kutembea, ndivyo anavyozidi kuwaacha wenzake nyuma na kuwakaribia bata. Miguu, basi, ndiyo mashua ya maskini, na mara nyingi hufika mahali ambapo mashua ya tajiri haifiki, kwa kuwa kina cha maji hakitoshi kuielea.

MZIGO WENYEWE

Tuutazame mzigo huo kwa mizani. Bunduki ya marisau huwa na uzito wa kilo 3 na nusu hivi. Boksi moja la risasi 25 huzidi kilo 1 kidogo. Suruali ya mpira ifikayo kifuani, iliyounganishwa na viatu vyake, huwa kilo 4 au zaidi. Koti, chakula, maji, chupa ya chai, taa ya kichwani na kigoda cha kukalia hufika kilo 5 au 6.

Vilivyosalia ni vile vinavyochukua nafasi kubwa kuliko vyote, yaani sanamu za bata. Sanamu hizi huelea juu ya maji, kila moja imefungwa kwa kamba yenye nanga ndogo, ili bata wapitao angani wakiziona wadhani wenzao wametua pale kwa amani, nao washuke. Sanamu moja ya plastiki pamoja na nanga yake yakaribia uzito wa nusu kilo au kuzidi kidogo. Kwa hiyo sanamu 12 ni kilo 7 hivi, na sanamu 36 ni kilo 21.

Ukijumlisha, mtu mwenye sanamu 12 anachukua kilo 21 au 22. Yule aliyetaka sanamu 36 anachukua zaidi ya kilo 35. Waswahili husema: Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wapagazi wa Unyamwezi, waliochukua pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo katika karne ya 19, walipewa mzigo wa kilo 30 hivi, nao walikuwa watu waliozoea kazi hiyo na waliotembea mchana juu ya njia iliyokanyagwa na maelfu ya waliowatangulia. Mwindaji wa bata aliyekaa ofisini tangu Jumatatu hadi Ijumaa anataka kuchukua zaidi ya hapo, usiku, topeni. Si ajabu akishindwa.

KUPUNGUZA KABLA YA KUONDOKA

Uzito ulio rahisi kuchukua ni ule ulioachwa nyumbani. Katika mwaka 1924 wachimbuzi wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi katika pango la Lovelock, katika jimbo la Nevada, walivumbua sanamu 11 za bata zilizokuwa zimehifadhiwa pangoni humo. Zilikuwa zimetengenezwa na wenyeji wa asili wa nchi hiyo miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Walikunja na kufunga matete yaliyoota palepale ziwani mpaka yakapata umbo la bata, kisha baadhi yake wakazipaka rangi na kuzivika manyoya. Matete ni mepesi, nayo huelea yenyewe. Wale watu wa kale walikwisha ifahamu siri ambayo viwanda vya leo vinaitafuta kwa gharama, ya kwamba sanamu haihitaji kuwa nzito ili bata aiamini.

Siku hizi zipo sanamu zenye mkuku ulio wazi ndani. Zikiwa mfukoni ni nyepesi. Zikitupwa majini, maji huingia katika mkuku na kuzifanya zisimame wima wakati wa upepo. Kwa hiyo uzito unaohitajiwa hupatikana palepale kinamasini, wala hakuna aliyeubeba. Zipo pia sanamu ambazo kamba yake haifungwi kwa fundo: nanga huteleza juu ya kamba fupi yenye kitanzi mwishoni, na sanamu 12 zikatundikwa katika pete moja kama samaki katika ubua. Kamba hazitatizani, na mtu hakai gizani akifungua mafundo kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hesabu. Sanamu 6 au 12 zilizowekwa mahali bata wanapopapenda zafaa kuliko 36 zilizowekwa mahali wasipopapenda. Mwindaji mwenye busara hutangulia kwenda siku moja kabla, bila bunduki, mikono mitupu, akatazama bata wanatua wapi na njia ipi ni ngumu chini ya mguu. Safari hiyo ya mikono mitupu humwokolea kilo 14. Kadhalika risasi: katika baadhi ya hifadhi sheria haimruhusu mtu kuingia na risasi zaidi ya 25, na hata pasipo na sheria hiyo, boksi moja lamtosha mtu anayengoja bata wakaribie kabla ya kufyatua.

ARDHI NDIYO ICHAGUAYO CHOMBO

Baada ya kupunguza, swali lifuatalo ni nani atakayechukua kilichosalia. Mgongo wa mtu ni mmoja tu wa wachukuzi waliopo. Maji huchukua, tope huchukua, na gurudumu pia huchukua. Kila mmoja ana mahali pake.

Mahali penye tuta au barabara ngumu, mkokoteni wa magurudumu mawili hauna mpinzani. Mtu asiye na nguvu nyingi aweza kuvuta kilo 40 juu ya tuta la mchanga mgumu akiwa anazungumza na mwenzake. Lakini mkokoteni huohuo ukifika topeni huzama mpaka kwenye ekseli, na mwenyewe hujikuta anavuta mzigo pamoja na mkokoteni. Wajuao huuficha majanini mwisho wa tuta, wakaendelea kwa njia nyingine.

Mahali penye tope laini, majani mabichi, theluji au maji ya kina kifupi, kifaa kifaacho ni hori la plastiki. Chombo hiki hakina magurudumu; ni kama mtumbwi mfupi wenye tako bapa, uliofungwa kamba mbele. Uzito huenea juu ya tako lote, kwa hiyo hakizami kama unavyozama mguu wa mtu, na juu ya majani yenye umande huteleza kwa urahisi wa kushangaza. Kikifika majini, huelea. Kina kazi ya tatu pia ambayo haisemwi mara nyingi: mtu akinaswa na tope, hori ni kitu cha kuegemea kifua ili autawanye uzito wake na kuutoa mguu polepole. Udhaifu wake ni nchi kavu. Juu ya changarawe au udongo mgumu hukwaruza, likapiga kelele za kuwaamsha bata wote, na kumchosha mvutaji kupita mkokoteni.

Vichaka, magogo yaliyoanguka na miteremko humrudisha mtu kwenye mgongo wake. Wapanda milima wengi hufuata kanuni ya kuwa mzigo wa mgongoni usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mtu, maana yake, mwenye kilo 70 asizidishe kilo 14. Kwa mwindaji, hiyo ni bunduki, risasi, koti, chakula na sanamu chache za mkuku wazi. Sanamu huwekwa katika mfuko wa wavu wenye mikanda miwili ya mabegani, kwa kuwa wavu huchuja maji wakati wa kurudi. Mfuko wa turubai huyabakiza maji ndani, na maji ni kilo moja kwa kila lita.

ELIMU KUTOKA KENYA

Nchini Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku katika mwaka 1977, lakini elimu ya kuchukua mzigo haikukoma, na ulimwengu wa sayansi umejifunza kutoka kwa akina mama wa nchi hii. Katika mwaka 1986 wataalamu, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Waliwapima wanawake wa Kijaluo wachukuao mizigo kichwani, na wanawake wa Kikikuyu wachukuao mgongoni kwa ukanda upitao kipajini. Walitazama ni hewa kiasi gani ya oksijeni inayotumiwa na mwili wakati wa kutembea. Waligundua ya kuwa wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi kuliko wakitembea mikono mitupu. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba siri imo katika mwendo wenyewe, ambao hauipotezi nguvu ya hatua moja kabla ya kuanza hatua inayofuata.

Ukanda wa kipajini haukuwa wa Kikikuyu peke yao. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini waliutumia, na wachukuzi wa biashara ya ngozi katika Kanada waliuiga kwao. Mtu mmoja alivusha mafurushi mawili ya kilo 41 kila moja kutoka mto hadi mto. Mwindaji wa leo hawezi kuupata ustadi huo kwa siku moja, kwa sababu akina mama hao walianza utotoni. Hata hivyo aweza kuchukua mafunzo mawili: mzigo uwe karibu na mwili wala usining'inie, na mwendo uwe wa taratibu usiobadilikabadilika. Mfuko unaopigapiga kiunoni huchosha kuliko uzito wake.

MWENDO WA TOPENI

Kosa la kwanza la wageni wa kazi hii ni kuvaa kila kitu garini. Mtu aliyevaa koti nene na suruali ya mpira akitembea nusu saa na mzigo hutoka jasho jingi, na akifika akaketi kimya, jasho lile hugeuka barafu mgongoni. Afadhali kutembea na shati moja na kuhisi baridi kidogo mwanzoni. Nguo nzito zikae ndani ya mfuko usiopenya maji, nazo zivaliwe mtu akiisha fika na jasho kukauka. Njia ikiwa kavu, hata suruali ya mpira huchukuliwa begani, ikavaliwa ukingoni mwa maji.

Ndani ya maji, fimbo ni mguu wa tatu. Mtu huichomeka mbele, akapima kina na ugumu wa ardhi, ndipo apeleke mguu, tena kwa kuuburura wala si kwa kuuinua juu. Bunduki huwa tupu, bila risasi hata moja, ndani ya ala yake, mpaka mtu afike na kukaa. Anayeteleza gizani na bunduki iliyoshindiliwa huhatarisha maisha yake na ya mwenziwe.

Suruali ya mpira ina mkanda wa kiunoni, na mfuko wa mgongoni mara nyingi una wa kwake. Mikanda hii miwili ina kazi mbili zilizo kinyume. Mkanda wa suruali hukazwa daima, kwa sababu huzuia maji yasiingie kwa kasi mtu akianguka. Mkanda wa mfuko hufunguliwa kabla ya kuvuka maji, ili mwenyewe akianguka autupe mzigo mara moja. Vivyo hivyo kamba ya hori: nchi kavu yaweza kufungwa kiunoni, lakini penye kina hushikwa kwa mkono, maana hori lililoshikwa na mkondo laweza kumvuta aliyefungwa nalo.

Watu wengi huamini ya kuwa suruali ya mpira ikijaa maji humzamisha mtu kama jiwe. Si kweli. Maji yaliyo ndani hayana uzito kuliko maji yaliyo nje. Hatari iko kwingine: mtu huyo hawezi kuogelea upesi, na akijaribu kupanda ukingoni, maji yaliyo ndani huwa mzigo wa makumi ya kilo. Wakati huohuo baridi inafanya kazi yake. Wataalamu wa maji baridi hufundisha kanuni ya 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza ni ya kuituliza pumzi, kwani mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Dakika 10 ni za kutumia mikono na miguu kabla haijakufa ganzi. Saa 1 hivi hupita kabla mtu hajazimia kwa baridi. Anayezijua hesabu hizo hazipotezi zile dakika 10 kwa kuokoa sanamu. Huokoa nafsi yake.

VITU VISIVYOACHWA

Mpaka hapa habari zote zimekuwa za kupunguza. Lakini kuna mizigo isiyopunguzwa, na watu wa majimbo ya katikati ya Marekani walijifunza jambo hilo kwa msiba.

Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa sikukuu ya kukumbuka mwisho wa Vita Vikuu vya kwanza, na watu wengi walikuwa na nafasi ya kwenda kuwinda. Asubuhi ilikuwa na joto lisilo la msimu. Wawindaji kando ya mto Mississippi na katika maziwa ya Minnesota walitoka na nguo nyepesi, wakaona hakuna haja ya kujisumbua na makoti mazito. Wengi walifika visiwani kwa mashua ndogo. Kabla ya jioni upepo uligeuka, mvua ikaja, kisha theluji, na joto likashuka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Bata walishuka kwa makundi makubwa, na baadhi ya watu wakazidi kukaa kwa tamaa ya kuwapiga. Walipotaka kurudi, mawimbi yalikuwa makubwa mno kwa mashua zao.

Dhoruba hiyo iliua watu zaidi ya 140 katika majimbo mbalimbali. Katika Minnesota peke yake walikufa 49, na yapata nusu yao walikuwa wawindaji wa bata. Waliookoka usiku ule ni wale waliopindua mashua wakajikinga upepo, na wale waliokataa kulala wakatembea na kurukaruka mpaka asubuhi. Max Conrad, rubani wa mji wa Winona, alirusha ndege yake ndogo siku iliyofuata ingawa upepo ulikuwa bado mkali, akawatafuta watu visiwani na kuwaangushia makopo yenye chakula na viberiti.

Makopo yale yanatueleza ni nini kisichoachwa nyumbani. Kiberiti ndani ya kitu kisichopenya maji, chakula cha akiba, koti zito, soksi na fulana kavu, taa ya pili, dira, na siku hizi simu iliyojazwa umeme. Vyote pamoja havifiki uzito wa sanamu 12. Mwindaji akiona mzigo umezidi, na atoe sanamu; asitoe koti kwa sababu jua la asubuhi limemdanganya.

KURUDI

Watu hupima mzigo wakati wa kwenda, kumbe mzigo mzito ni wa kurudi. Chai imekwisha na risasi zimepungua, lakini sanamu zimelowa, kamba zimejaa tope, na bata wenyewe wamo mfukoni. Katika sehemu kubwa ya Marekani mwindaji huruhusiwa kupiga bata 6 kwa siku. Bata mmoja wa aina kubwa ya kawaida, dume mwenye kichwa cha kijani, ana uzito wa kilo 1 na robo hivi. Bata 6 ni kilo 7 na nusu, tena huongezwa juu ya mabega yaliyoamka tangu usiku wa manane. Mwenye kuchukua mzigo wa mwisho wa nguvu zake wakati wa kwenda hana mahali pa kuwaweka.

Wakati nao ni sehemu ya mzigo. Hili laonekana wazi katika pwani za Uingereza, ambako wawindaji wa bata na mabata bukini hutembea juu ya matope yaachwayo na bahari inapokupwa. Mwaka 1908 Stanley Duncan alianzisha chama cha wawindaji hao, ambacho mpaka leo kinafundisha watu kuisoma bahari kabla ya kuisogelea. Wenyeji wa Lamu na Mombasa hawahitaji kuelezwa habari za bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na kujaa sana. Katika matope ya The Wash, mashariki ya Uingereza, maji hayamjii mtu usoni tu. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yake, na mtu atazamaye bahari hugeuka akakuta njia aliyojia imekuwa mto. Kwa hiyo mwindaji wa huko huamua saa ya kurudi kabla hajaondoka nyumbani, akaiandika na kumwachia mtu, wala haibadilishi kwa ajili ya kundi la bata.

Lipo jaribio moja jepesi limfaalo kila aendaye kinamasini. Siku moja kabla, apange mzigo wake wote, atie na mawe au mchanga wa kilo 7 na nusu badala ya bata, kisha auchukue au auvute kwa nusu saa karibu na nyumbani kwake, mahali penye majani na mteremko kidogo. Akirudi anahema na miguu inatetemeka, asijitie moyo kwamba kesho atakuwa na nguvu zaidi. Afungue mfuko palepale, atoe sanamu 6, na kuuchukua tena.